Kifua Kikuu: Hadubini Isiachwe, Lakini Isitangulie

Tangu Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria, hadubini imekuwa jicho la kwanza la tabibu juu ya maradhi haya. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, kisha hutazamwa. Njia hii ni rahisi, na imeokoa watu wengi. Lakini ina kasoro isiyofaa kufichwa: yapasa mililita moja ya makohozi iwe na bakteria wapatao 10,000 ndipo waonekane bila shaka. Watoto, na watu wenye virusi vya UKIMWI, mara nyingi hawafikishi idadi hiyo. Mgonjwa wa namna hii huambiwa kwamba hana ugonjwa, akarudi nyumbani kuendelea kudhoofika.

Kuotesha bakteria maabarani huonyesha zaidi, ila bakteria huyu ni mzito ajabu. Hujigawa mara moja kwa saa 20 hivi, ilhali bakteria wa kawaida wa utumbo aweza kujigawa kila dakika 20. Jibu huchukua majuma mawili hadi manane.

Hapo ndipo elimu ya jeni inapostahili kutangulizwa. Mwaka 1983 Kary Mullis wa Marekani alibuni njia ya kurudufu kipande cha DNA. Nyuzi mbili za DNA hutenganishwa kwa joto la nyuzi 95 hivi. Joto likishushwa, vipande vifupi vilivyotengenezwa maalumu hujishikiza mahali panapotafutwa. Kisha kimeng'enya huunda uzi mpya. Kimeng'enya hicho kilitolewa katika bakteria waishio kwenye chemchemi za maji moto, na ndiyo maana hakiharibiwi na joto hilo. Kila mzunguko huzidisha kipande maradufu, hata baada ya mizunguko 30 kipande kimoja chaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Mwanafunzi ajuaye vipeo vya namba mbili aweza kuhakikisha hesabu hii mwenyewe.

Mashine itumiayo njia hiyo kwa kifua kikuu ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2010. Hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na huhitaji bakteria wachache mno kuliko hadubini. Tena husoma sehemu fupi ya jeni iitwayo rpoB, yenye herufi 81 tu. Zaidi ya asilimia 95 ya bakteria sugu kwa dawa ya rifampisini wana badiliko katika sehemu hiyo. Hadubini haiwezi kamwe kumtofautisha bakteria sugu na asiye sugu, maana kwa sura ni ndugu. Mgonjwa mwenye bakteria sugu akipewa dawa za kawaida, hapotezi wakati wake peke yake. Huwaambukiza jamaa zake usugu huo.

Pamoja na hayo, mwaka 2023 chini ya nusu ya wagonjwa wapya waliogunduliwa duniani ndio waliopimwa kwanza kwa vipimo vya haraka vya namna hii. Hali hiyo haikubaliki.

Wapo wasemao kwamba hadubini sasa zitupwe. Hao nao wamekosea. DNA hubaki hata bakteria akiisha kufa, kwa hiyo mgonjwa anayepona aweza kuonekana bado anaumwa. Maendeleo ya tiba hayana budi kufuatiliwa kwa hadubini na kwa kuotesha.

Gharama ni kweli ipo: mashine hutaka umeme usiokatika, mafundi wa kuihudumia, na kikasha kipya kwa kila kipimo. Lakini si lazima kila zahanati iwe na mashine. Makohozi yaliyofungwa vema yaweza kupelekwa kwa pikipiki hadi hospitali ya wilaya, na jibu likarudishwa kwa simu kabla mgonjwa hajaanza kupewa dawa zisizomfaa.