Kadi za RAM: Kibandiko si chipu

Mfanyabiashara anayenunua kadi za RAM kwa kutazama kibandiko tu anauweka mtaji wake hatarini. Sehemu kubwa ya chipu hizo duniani hutoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kingston na Corsair hununua chipu na kuunda kadi. Hivyo kadi zenye jina moja huweza kubeba chipu tofauti. Kwa DDR4, namba ya chipu ya Samsung kwa kawaida huanza na K4A, ya Hynix H5A, na alama fupi ya Micron D9. Mwagizaji makini hukagua kadi chache kwanza, ndipo alipie mzigo mzima. Mteja akirudisha kadi, hasara ni ya duka.