Programu za Lazima Ziwekewe Kinga

Katika Mji Mkongwe wa Unguja zimo nyumba nyingi ambazo wenyewe waliziweka wakfu tangu zama, na kila aliyelelewa hapa ajua kwamba mutawali aliyekabidhiwa ufunguo wake ana ruhusa ya kuitengeneza nyumba na kuipangisha, ama kuiuza au kuitoa hiba hana. Wala hilo si kwa kushukiwa uaminifu wake, bali sharia haikuridhia amana ya wengi itegemee uangalifu wa mtu mmoja.

Hukumu kama hiyo ndiyo inayozistahiki kompyuta za Linux na jamaa zake wa Unix, ambazo hubeba sehemu kubwa ya huduma za intaneti duniani. Mfumo wa Unix, ulioasisiwa Marekani mwaka 1969, humtii mno mwenye kuuamuru: amri ya rm hufuta faili papo hapo, pasipo kapu la kuliokotea tena, na mtumiaji mkuu, aitwaye root, aghalabu haulizwi neno.

Mwaka 2011 hati ya kusakinisha programu ya Bumblebee ilitolewa ikiwa na nafasi moja ya ziada baada ya /usr katika amri yake ya rm, na waliojisakinishia wakafutiwa saraka nzima iliyochukua programu zao za lazima. Walioiandika hati ile hawakuwa wajinga wa fani. Basi asituambie mtu kwamba bingwa hahitaji kizuizi.

Wengi hudhani kuwa faili likifanywa la kusomwa tu limesalimika, ilhali katika Unix idhini ya kufuta hutokana na saraka iliyolichukua, si faili lenyewe. Tangu 2006 rm ya GNU hukataa kuifuta saraka kuu ya mfumo, lakini /usr haiikingi. Iliyo madhubuti zaidi ni alama ya chattr +i, ambayo ikishatiwa, hata root hawezi kulifuta faili mpaka aiondoe kwanza kwa kusudi. Kweli, alama hiyo huzuia pia masasisho, na msimamizi hulazimika kuiondoa na kuirejesha. Lakini taabu ya dakika chache ni nyepesi kuliko ofisi iliyosimama na wananchi wamepanga foleni.

Kwa hiyo, wakuu wa ofisi zetu na wapige marufuku kazi za kila siku kufanywa kwa jina la root, wadai nakala za akiba zilizokwisha jaribiwa, na walimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wamfundishe mwanafunzi kukinga kabla ya kumfundisha kufuta.