Picha Yenye Tarehe

Mjenzi wa mfano mdogo wa Avro Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huvutiwa kwanza na ndege halisi zilizohifadhiwa, ilhali hizo ndizo zinazostahili kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu zimekarabatiwa na kupakwa rangi upya kwa miaka mingi. Hata R5868, inayohesabiwa kuwa na safari 137 za vita na ambayo sasa imo makumbushoni London, iliwahi kusimamishwa nje langoni mwa kambi ya Scampton, ikipigwa na jua na mvua. Kilicho bora ni picha ya wakati wa vita yenye tarehe na namba ya ndege, maana Lancaster hazikufanana zote: zilizoshambulia mabwawa ya Ujerumani Mei 1943 ziliondolewa milango ya chumba cha mabomu na kibanda cha bunduki cha mgongoni. Picha nayo ina hila zake, kwani filamu ya othokromatiki, yaani isiyohisi mwanga mwekundu, huonyesha herufi nyekundu za ubavuni kana kwamba ni nyeusi.