Mtoto wa miezi minne, tela la baiskeli na hofu ya bibi

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Moshi alinitumia picha kwa WhatsApp pamoja na swali fupi: "Daktari, mwanangu, hawa watu wana akili timamu?" Kwenye picha kulikuwa na kitu kama kibanda kidogo cha turubai chenye magurudumu mawili, kimefungwa nyuma ya baiskeli. Binti yake ameolewa Ujerumani, anaishi mji wa Ulm, na ana mtoto wa miezi minne. Yeye na mumewe wanapanga kuendesha baiskeli kando ya Mto Danube hadi Passau, na nguvu zikiwepo wavuke mpaka waingie Austria mpaka Vienna. Usiku watalala kwenye hema. Mtoto atakaa ndani ya kile kibanda. Bibi anasema usingizi umemkimbia.

Nimeomba ruhusa yake nijibu hapa, kwa sababu wengi wenu mna watoto na wajukuu Ulaya, na kwa sababu sehemu ya jibu inatuhusu sisi tunaobeba watoto kwenye bodaboda kila asubuhi.

Kwanza nimtetee binti. Kile kibanda ni tela la watoto, kitu cha kawaida kabisa Ujerumani. Sheria ya barabarani ya huko inaruhusu kubeba watoto wawili wenye umri usiozidi miaka saba, mradi anayeendesha ametimiza miaka 16. Ndani kuna mikanda, pembeni kuna vyuma vinavyomzunguka mtoto, na juu kuna bendera ili madereva waione. Mtoto hukaa chini karibu na ardhi, na kiungo kinachoshika tela kimetengenezwa ili baiskeli ikianguka, tela libaki limesimama. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasema wazi kuwa tela ni bora kuliko kiti kinachofungwa nyuma ya baiskeli. Na sisi? Daktari aliyewahi kufanya kazi hospitali ya wilaya anakijua kisigino cha mtoto aliyekaa kwenye keria, mguu ukaingia kwenye spoki. Ndani ya tela mguu huo haufiki kwenye spoki.

Kwa hiyo mama yangu wa Moshi, chombo chenyewe hakina ubaya. Wasiwasi wako una haki kwa jambo lingine, nalo ni umri.

Chama hicho hicho cha Marekani kinataka mtoto awe na angalau miezi 12, awe anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, na shingo yake iweze kubeba helmeti nyepesi. Mtazame mtoto wa miezi minne: kichwa ni kikubwa kwa mwili wake, na shingo ndiyo kwanza inajifunza kukishika. Kila shimo, kila jiwe, kila ukingo wa barabara, kichwa kile kinatikisika, na mtoto hawezi kukizuia kama wewe unavyojizuia kwenye daladala. Kumvalisha helmeti hakusaidii, kwani ni mzigo juu ya shingo ile ile, na sehemu ya nyuma inamsukuma kichwa mbele mpaka kidevu kinagusa kifua. Hapo njia ya hewa inabanwa. Hata bila helmeti, mtoto mdogo akisinzia akiwa amekaa, kichwa huanguka mbele vivyo hivyo. Ndiyo maana tunasema viti vya kukalia, hata vile vya gari, si vitanda, hasa kwa aliye chini ya miezi minne. Naye mzazi anakanyaga pedali, mgongo kwa mtoto, anaangalia barabara.

Najua wazazi wengi huko huweka kitanda maalumu cha kuning'inia ndani ya tela na kuwabeba watoto wa miezi michache, na wengi hawapati tatizo. Kama ni kumvuta polepole dakika kumi kwenye njia laini mpaka dukani, nisingegombana na mtu. Lakini saa tano au sita kwa siku, siku baada ya siku, sehemu nyingine njia ya changarawe? Hapana. Hapo nasimama na bibi.

Kuna jambo la pili ambalo bibi hakuniuliza, tena analielewa kinyume. Yeye anaogopa upepo na baridi. Mimi naogopa joto.

Mwaka 2009 nilisafiri na mwanangu wa kwanza, akiwa na miezi mitano, kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Tayari nilikuwa daktari, na cheti nimekitundika ukutani. Mama yangu alisisitiza kofia ya sufu, soksi, mablanketi mawili, na kanga juu ya uso ili upepo wa dirishani usimpate. Nikatii. Tulipofika Mikumi mtoto alikuwa amelegea, ngozi inawaka, ziwa halitaki. Nilimvua kila kitu mbele ya abiria, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, na jirani akanipepea kwa gazeti. Dakika zile kabla hajanyonya tena sijazisahau. Hakuwa na malaria, hakuwa na homa ya mapafu. Nilikuwa nimempika mwenyewe.

Tela lililofunikwa pazia la plastiki kwenye jua la Julai linafanya kazi ile ile ya kanga yangu. Anayeendesha anapata upepo usoni na hajui kuwa nyuma hewa imesimama. Siku ya mawingu mambo yanageuka: mzazi anatoka jasho kwa kukanyaga pedali, mtoto amekaa tuli anapoa. Usipime kwa mikono wala miguu, ambayo kwa mtoto mdogo mara nyingi huwa ya baridi. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, punguza nguo; pakiwa pa baridi, ongeza. Kwa aliye chini ya miezi sita usimpe maji hata kukiwa na joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Na tafadhali, upepo hauleti nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, na moshi wa jikoni unachangia zaidi kuliko dirisha lililo wazi.

Tuje kwenye hema. Kulala nje hakumdhuru mtoto mwenye afya. Kinachodhuru ni vitu vya ndani. Godoro la kujaza upepo ni laini mno kwa mtoto mchanga. Akigeuka kifudifudi uso unazama. Mifuko ya kulalia ya watu wazima inaweza kumfunika, na wazazi waliochoka kwa siku nzima ya baiskeli wanaweza kumlalia wasijue. Alazwe chali, kwenye mkeka mgumu wa peke yake, ndani ya mfuko wa kulalia wa saizi yake, bila mto. Na jiko la gesi au la mkaa lisiingie hemani hata dakika moja, hata mvua ikinyesha, hata kama limezimika na makaa bado ni mekundu. Gesi inayotoka haina rangi wala harufu. Sisi tunaifahamu kwa familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, asubuhi hakuna anayefungua mlango.

Jambo la mwisho ni kupe. Njia hiyo ya Danube inapita majimbo ya Baden-Württemberg na Bavaria, ambako kupe wa majani na vichaka hubeba virusi vinavyoshambulia ubongo. Chanjo ipo, lakini kwa watoto hutolewa kuanzia mwaka mmoja. Kwa hiyo mjukuu mwaka huu hana kinga hiyo. Kila jioni akaguliwe nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena na kwenye nywele. Kupe akionekana, ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila mafuta wala moto wa kiberiti.

Nimezungumza na binti kwa simu. Alianza kwa ukali kidogo, akidhani mama yake amenituma nimfokee. Ana sababu: amejifungua ugenini, majira ya baridi, siku nyingi amefungiwa ndani na mtoto, na hii safari ndiyo iliyomfanya avumilie. Sikutaka kumnyang'anya. Nilimwambia aende Danube mwaka huu huu, kwa treni, wapige hema siku nne mahali pamoja kando ya mto, mtoto awe kwenye mbeleko au kigari cha kusukuma, watembee. Baiskeli na tela vingoje kiangazi cha mwakani, mtoto akiwa amepita mwaka, amechanjwa, anakaa mwenyewe. Hata wakati huo, wasimamishe kila saa moja, wamtoe atambae kwenye nyasi, na wapunguze upepo wa matairi ya tela kidogo, ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, ili lisiruke sana.

Amesema atafikiria. Mumewe tayari amelipia tela, na anataka kujua kama linarudishwa dukani. Nikamwambia asilirudishe.