Kuijua Jeni Si Kumaliza Kazi

Laktasi ni kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, katika utumbo mdogo, na jeni inayobeba maelekezo yake, LCT, imo kwenye kromosomu ya 2. Hoja kwamba kimeng'enya kikishaunganishwa na jeni yake kazi imekwisha haina mashiko hata kidogo. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walibaini badiliko la herufi moja ya DNA linaloifanya LCT iendelee kufanya kazi hadi utu uzima. Miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki, badiliko hilo kwa sehemu kubwa halikuonekana. Mwanajenetiki Sarah Tishkoff na wenzake waliwachunguza watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan: kila mmoja alinyweshwa maji yenye laktosi, kisha sukari ya damu yake ikapimwa. Mwaka 2007 walitangaza mabadiliko mengine matatu, likiwemo C-14010, lililo herufi 14,010 kabla ya LCT, ndani ya jeni jirani, MCM6. Kipimo cha DNA kinachotafuta lile badiliko la Ulaya lililobainiwa Finland pekee, kikipelekwa Kasoli, Bariadi, mkoani Simiyu, kinaweza kumtangaza mfugaji kuwa hawezi kumeng'enya maziwa ilhali anayanywa kila siku bila kuumwa tumbo. Kipimo cha namna hiyo hakifai kutegemewa Simiyu.