Kosoa programu, usimtukane aliyeiandika

Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Katika siku chache Ushahidi ikazaliwa. Leo ni programu huria: yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Mwaka huohuo ilitumika kufuatilia mapigano mashariki mwa nchi yetu.

Vijana wa Likasi wanaojifunza kuandika programu wajifunze hapo. Wengi wanaojenga programu huria wanajitolea, na hawaonani. Kinachowaunganisha ni maandishi. Dharau ikiandikwa hadharani, wa kwanza kuumia ni mgeni aliyetuma kazi yake kwa intaneti ya kununua kidogo kidogo. Akiondoka, kosa linabaki na mtu wa kulirekebisha amepungua.

Hata wakubwa wamelitambua hilo. Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa ukali wa barua pepe zake kwa wenzake.

Hatusemi makosa yafichwe. Yaandikwe wazi: ni toleo gani, ulifanya nini, kikatokea nini, na unapendekeza nini. Kwa maelezo hayo, mtu aliye Nairobi anaweza kurekebisha kosa lililoonekana Likasi. Kwa tusi, hana pa kuanzia.