Kionjo Kisichotoka Chunguni

Mwezi uliopita niliketi sebuleni na binti yangu kutazama filamu tuliyoichagua pamoja. Tuliichagua kwa sababu moja tu: trela yake ilitusisimua. Ndani ya dakika mbili na nusu tulikuwa tumeona moto, machozi, magari yakifukuzana, na mzaha mmoja uliotuchekesha hata tukaurudia. Filamu yenyewe ilichukua saa mbili na robo. Ilipofika katikati, binti yangu alijifunika khanga ya mama yake, akasema kwa sauti ya usingizi, "Baba, sehemu nzuri zote tulishaziona." Nilitaka kumbishia, nikakosa hoja. Fedha nilikuwa nimekwisha kulipa.

Najua wengi watacheka na kupita. Kwamba trela ni tamu kuliko filamu ni jambo tulilolizoea, kama tulivyozoea picha ya kuku kwenye ubao wa mgahawa kuwa kubwa kuliko kuku anayeletwa mezani. Nakataa kulicheka. Huu ni udanganyifu wa kibiashara unaovumiliwa kwa sababu hasara ya mtu mmoja mmoja ni ndogo. Tena madhara yake hayaishii mfukoni mwa mtazamaji. Mahali ambapo tangazo linalipa kuliko kazi, haichukui muda kabla kazi haijaanza kulitumikia tangazo.

Niruhusu, ndugu msomaji, nianze na jina. Vijana wetu husema trela, neno lile lile tunaloliita gari lisilo na injini linalokokotwa na lori. Katika Kiingereza jina hilo lina historia: mwanzoni mwa karne ya 20 matangazo haya yalioneshwa baada ya filamu kwisha, yakiifuata kwa nyuma. Watazamaji waliinuka na kwenda zao kabla ya kuyaona, ndipo yakahamishiwa mwanzo, na jina likabaki. Lakini wanahabari na wasanii wetu wana jina lililo bora zaidi: kionjo. Jina hili limebeba sharti ndani yake. Anayeonjeshwa mchuzi huchotewa kutoka chungu kile kile watakachopakuliwa wote. Upawa mmoja hauwezi kueleza chungu kizima, na hakuna anayeudai hivyo. Unachodaiwa ni kutoka humo. Mpishi anayechota kwa jirani akatuonjesha hajatupa kionjo, ametuhadaa.

Sasa tuangalie mfano. Januari 2016 kampuni ya Warner Bros. ilitoa kionjo cha Suicide Squad, filamu iliyoongozwa na David Ayer. Kionjo hicho kilisukwa juu ya wimbo wa Bohemian Rhapsody wa kundi la Queen: risasi zilifuata mdundo, vichekesho viliangukia panapostahili, na wahalifu wa hadithi hiyo walionekana wachangamfu kama watu wa harusini. Dunia ilikipenda. Tatizo ni kwamba Ayer alikuwa ametengeneza filamu nzito, yenye giza na huzuni. Kwa mujibu wa taarifa ya The Hollywood Reporter ya Agosti mwaka huo, wakuu wa studio waliingiwa na hofu kwamba filamu haikufanana na kilichoahidiwa, wakawaita Trailer Park, kampuni iliyokuwa imetengeneza kionjo, kushiriki kuhariri toleo jingine la filamu nzima. Matoleo mawili yakashindanishwa mbele ya watazamaji wa majaribio. Kilichofika kwenye majumba ya sinema kilikuwa kazi ya mikono mingi isiyokubaliana, nyimbo maarufu zikifuatana moja baada ya nyingine kana kwamba vionjo kumi vimegundishwa pamoja. Mwaka 2021 Ayer aliandika hadharani kwamba toleo lile la studio halikuwa filamu yake.

Mtu akiniuliza kwa nini nalipa jambo hili uzito, humwelekeza hapo. Zamani kionjo kilikatwa kutoka kwenye filamu. Hapa filamu ilikatwa upya ili ifanane na kionjo. Trela lilitangulia mbele, likawa ndilo linalovuta lori.

Na je, walipata hasara? Hapana. Katika siku tatu za kwanza filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 130 nchini Marekani na Kanada. Wikiendi iliyofuata mapato yakaanguka hadi takriban milioni 43, yaani theluthi mbili ilipotea ndani ya wiki moja. Hata hivyo jumla ya mapato duniani ilipita dola milioni 740. Takwimu hizi zinaonesha namna mtego unavyofanya kazi. Ukweli kuhusu filamu husafiri kwa mdomo: mtu atazame, amwambie jirani, jirani amwambie shemeji. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Kionjo chenyewe kimeshasafiri kwa miezi. Biashara nzima imejengwa ndani ya pengo hilo, na fedha nyingi hukusanywa kabla ukweli haujafika.

Nimesikia utetezi wa aina mbili, na yafaa niujibu kwa haki.

Utetezi wa kwanza husema kionjo ni sanaa inayojitegemea. Nakubali. Kubana saa mbili ndani ya dakika mbili bila kuvunja hamu kunahitaji jicho na sikio la pekee, na tangu mwaka 1999 wataalamu wa kazi hiyo wana tuzo zao huko Marekani, Golden Trailer Awards. Simlaumu mhariri anayeteua vipande vizuri. Kuteua ndiyo kazi yake, na hata mimi nikiombwa wasifu wangu siandiki mitihani niliyofeli. Ninachopinga ni kubuni. Mwaka 2019 kionjo cha filamu ya Yesterday, ya mwongozaji Danny Boyle, kilimwonesha mwigizaji Ana de Armas akiimbiwa na mhusika mkuu. Katika filamu hakuwamo kabisa. Sehemu yake ilikuwa imeondolewa. Watazamaji wawili waliokodi filamu hiyo kwa dola 3.99 kila mmoja walifungua kesi Januari 2022 dhidi ya Universal. Kampuni ilijitetea kwamba kionjo ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba mwaka huo jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliukataa utetezi huo, akisema kionjo ni kauli ya kibiashara kwa kuwa kazi yake ni kuuza filamu, na kwa hiyo kinaweza kuhojiwa chini ya sheria za matangazo ya uongo. Akaweka na mpaka wenye busara: suala si kama mtazamaji ameipenda filamu au la, bali kama mwigizaji au tukio lililooneshwa limo au halimo.

Kesi hiyo baadaye ilitupwa kwa sababu zilizohusu haki ya walalamikaji kushtaki, na sitajifanya kwamba ilimalizika kwa ushindi. Lakini mpaka ule aliouchora jaji ni ule ule uliomo ndani ya neno letu. Ladha haina hakimu. Chungu kinaye.

Utetezi wa pili husema mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Maneno haya yanafaa sokoni Kariakoo, ambako naweza kuliminya embe, kulinusa na kulirudisha. Filamu haiminywi. Huwezi kuijua mpaka uitazame, na ukishaitazama huwezi kuirudisha. Ni kama ushauri wa wakili au dawa ya mganga: thamani yake hujulikana baada ya malipo. Katika bidhaa ya namna hiyo kionjo ndicho ushahidi mkubwa alionao mnunuzi. Kumwambia ajihadhari, huku ushahidi wenyewe umechezewa, ni kumfunga mtu kitambaa machoni kisha kumlaumu kwa kujikwaa.

Nilikulia katika zama za vibanda vya video. Mtaani kwetu mwenye kibanda aliandika kwa chaki, kwenye ubao uliosimamishwa mlangoni, jina la filamu na la mwigizaji. Siku moja aliandika Bruce Lee. Tulijaa mpaka wengine wakakaa chini. Dakika kumi hazijapita, wakubwa wakaanza kunong'ona: yule alikuwa Bruce Li, mmoja wa wale walioingizwa sokoni kwa majina ya kufananishwa baada ya Bruce Lee kufariki mwaka 1973. Kelele zilizopigwa siku ile sijazisahau. Kesho yake mwenye kibanda alituingiza bila kiingilio. Sidhani kama alikuwa mwema kuliko wakuu wa studio. Alikuwa jirani yetu tu. Asubuhi angekutana na baba zetu dukani, jioni angehitaji sarafu zetu tena. Uso wake ulikuwa dhamana ya ubao wake. Studio iliyoko Los Angeles haina uso wa kutuonea haya.

Wala nisieleweke kwamba kionjo cha kweli hakiuzi. Mwaka 2010, kutoka mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, kionjo cha Who Killed Captain Alex? cha Nabwana I.G.G. kiliwekwa YouTube na kusambaa duniani. Kilionesha helikopta za kompyuta zisizomdanganya hata mtoto, milipuko ya kuchekesha na mapigano ya watu wasiojua kuchoka. Ukiitazama filamu, unayakuta yote, pamoja na sauti ya VJ Emmie akiitania toka mwanzo hadi mwisho. Mwongozaji mwenyewe amesema bajeti yake haikufika dola 200. Hakuna aliyelalamika kwamba amehadaiwa. Upawa ulitoka chunguni.

Nasi Watanzania tujitazame. Enzi filamu zetu zikiuzwa kwa DVD, tuliona hadithi ya saa moja na nusu ikinyooshwa na kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake. Tuliona majalada yenye bastola na majengo yanayowaka, na ndani mna watu wawili wakibishana kwenye sofa. Uharamia uliwaumiza wasanii wetu, na sitaki kuupunguzia dhambi zake. Lakini mtazamaji aliyelipia uzuri wa mkakasi mara tano, akakuta ndani kipande cha mti, mara ya sita hana sababu ya kumwonea huruma muuzaji.

Tuna nyenzo za kurekebisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na ipo Tume ya kuisimamia. Bodi ya Filamu hukagua maudhui na kupanga madaraja ya umri. Si mzigo mkubwa kuongeza swali moja: je, kilichomo kwenye kionjo kimo kwenye filamu? Kama tukio au mwigizaji ameondolewa baadaye, kionjo kirekebishwe, na aliyekwisha kulipa arejeshewe fedha yake. Sidai kwamba serikali itupimie utamu. Nadai ipime ukweli, kama inavyopima mizani ya muuza nyama.

Wapo watakaouliza kwa nini ukurasa unaojadili siasa na jamii upoteze siku kwa mambo ya sinema. Ni kwa sababu mazoea hayabaki sinemani. Tunaishi katika zama ambazo picha ya stendi iliyochorwa kwa kompyuta hupigiwa makofi kuliko stendi yenyewe, ambayo imekamilika bila vyoo. Ilani husomwa kwa sauti ya radi wakati wa kampeni, na baada ya kura hakuna anayeifungua kulinganisha. Na sisi wanataaluma tusijitoe. Nimewahi kuandika andiko la kuombea fedha za utafiti lililokuwa zuri kuliko utafiti uliofuata. Niliahidi mikoa mitano, nikafika miwili. Ripoti yangu ilisukwa upya ili ifanane na andiko, na wafadhili wakaridhika. Nilipokuwa nasoma habari za Suicide Squad, nilicheka kidogo, kisha nikakumbuka ripoti ile, nikaacha kucheka.

Ndiyo maana siwezi kuwalaumu watengeneza vionjo peke yao. Wanaendelea kwa sababu tunalipa mapema, na tunalipa mapema kwa sababu tunaogopa kuachwa nyuma na mazungumzo ya wenzetu. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukikipa kizuri muda wa kujiuza, yaani tukisubiri walau wiki moja kabla ya kufungua pochi, lile pengo ambalo biashara hii inaishi ndani yake litajifunga lenyewe, bila tume wala bodi.

Nyumbani kwangu tumeanza. Binti yangu na mimi tumewekeana sharti kwamba hatulipii filamu yoyote katika wiki yake ya kwanza, hata trela yake iwe tamu vipi. Amenitaka na mimi niongeze sharti langu: kila nitakapoandika andiko la utafiti, nimpe ripoti yake asome, na andiko lenyewe liwe pembeni. Nimekubali, ingawa kwa shingo upande.